Meza ya Mama Swichi: Mlinzi umempata, ruhusa ya kuzima anayo nani?

Nikizipanga mezani barua za mwezi huu, naona watu wa miji mbalimbali wananiuliza jambo lilelile: ulinzi wa mtandao wa biashara yangu nimkabidhi mtu wa nje, au nisimkabidhi? Kwa wageni wa ukurasa huu: nilianza kuvuta waya kwenye intaneti kafe moja ya Ngamiani, Tanga, mwaka 2003. Baadaye nikawa fundi wa ofisini, kisha nikahamia kwa makandarasi Dar es Salaam, nikakesha miaka saba nikilinda mitandao ya watu nisiowajua hata sura. Jina la Mama Swichi nilipewa na makonda wa daladala za Kariakoo, kwa kuwa sikupanda gari bila swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, ya matundu 24 mapajani. Nimewahi kuwa mteja anayelalamika, nimewahi kuwa mkandarasi anayelalamikiwa, na nitajibu nikizikumbuka siku zote hizo.

Shikamoo Mama Swichi. Nina duka la dawa la jumla Mwanza mjini, na matawi Geita, Sengerema na Bunda. Matawi yote yanaingia kwenye seva moja iliyo ofisini kwangu. Kijana aliyekuwa anashughulikia mtandao amepata kazi mgodini, kaondoka. Kampuni moja ya Dar es Salaam imeniletea ofa ya shilingi 1,800,000 kwa mwezi, "ulinzi wa saa 24". Mume wangu anasema tuajiri kijana mwingine tu, yaishe. Nani yuko sahihi?
*Mfamasia, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa kuhesabu vidonge, basi tuhesabu saa. Wiki ina saa 168. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 45 kwa wiki. Gawanya: inakuja tatu na ushee, yaani karibu watu wanne. Ongeza likizo ya siku 28, homa, misiba na harusi, unafika watu watano, na hapo ni mtu mmoja tu anayekuwa macho kwa wakati mmoja. Ukiwalipa laki tisa tisa, ni 4,500,000 kwa mwezi kabla hujagusa NSSF. Huyo kijana mmoja anayemtaka mume wako atalinda saa 45. Zile 123 zinazobaki, seva yako iko peke yake na Mungu.

Na wezi wa mtandao wanazipenda hizo 123. Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa Februari 2016 kwa kutumia kalenda. Maagizo ya kuhamisha pesa yalitumwa Alhamisi usiku, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndiyo mapumziko ya wiki kwao. Walipozinduka, New York, kulikokuwa na pesa zao, kumefungwa kwa wikiendi. Jumatatu ikaangukia sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila, pesa zilikokwenda. Wezi walijaribu kuchota karibu dola bilioni moja, zikapita dola milioni 81 hadi Ufilipino.

Basi mume wako amekosea? Nusu. Nawe usiharakishe kusaini, kwa sababu 1,800,000 haikununulii watu watano pia. Unanunua fungu lako katika watu watano wanaoangalia wateja wengine wengi. Hilo si baya, ndiyo faida yenyewe ya kukodi, lakini uliza: usiku wako macho watu wangapi, na wanaangalia wateja wangapi? Uliza pia hiyo "saa 24" ni ya nani. Nimeona mikataba ambamo mashine ndiyo inayokesha, na watu wanaingia kazini saa mbili asubuhi. Mashine inaona mwizi saa tisa usiku, inatuma barua pepe, barua inakaa inasubiri mtu anywe chai kwanza. Dawa ya hili haihitaji utaalamu: kabla hujasaini, omba namba yao ya usiku. Weka kengele ya simu, amka Jumapili saa tisa usiku, piga. Akipokea mtu mwenye usingizi asiyejua Bunda iko wapi, umeshajua unachouziwa.

Sasa nikupe kisa changu, maana ndicho kinachonifanya niwachoshe wasomaji kila mwaka. Usiku wa Jumamosi, mwaka 2016, niko zamu. Saa nane kasoro hivi, kioo changu kikaonyesha kompyuta ya ghala la mteja mmoja inabadilisha majina ya mafaili kwenye seva, moja baada ya jingine, kwa utulivu, kama karani anayepiga mihuri. Nilijua ni nini: ile programu inayofunga mafaili kisha inakudai fidia ili ikupe ufunguo. Nikapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye mkataba. Haipatikani. Ya pili ikapokelewa na fundi aliyekuwa ameacha kazi pale miezi minne nyuma, akaniambia, "Dada, mimi sasa niko Lindi." Amri ya kuikatia ile kompyuta njia nilikuwa nimeshaiandika, imebaki kubonyeza. Lakini mkataba ulisema mkandarasi hatagusa chochote bila idhini ya maandishi ya mteja, na msimamizi wangu, niliyemwamsha, akanikataza. Nikakaa naangalia mpaka alfajiri. Jumatatu mteja alikuta mafaili ya miaka sita hayafunguki. Sisi tulikuwa tumeona kila kitu na kuandika kila dakika, na ripoti yetu ilikuwa nzuri sana.

Kwa hiyo kwenye mkataba wako, kabla ya bei, andikisha nani ana ruhusa ya kuzima. Mimi ningegawa hivi. Kompyuta moja, au tawi zima, mkandarasi akate mwenyewe saa yoyote bila kusubiri mtu, kisha akupigie ndani ya dakika 30. Sengerema ikikatwa saa tisa usiku unapoteza nini? Hakuna anayenunua katoni za panadol saa hizo. Seva kuu ni habari nyingine: ikizimwa Jumamosi asubuhi, duka lako na matawi yote matatu yanaandika risiti kwa mkono. Hiyo aizime baada ya kusikia sauti yako, au ya mumeo, au ya mtu wa tatu mtakayemtaja, na namba hizo zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Uamuzi huu hauwezi kununuliwa Dar es Salaam, kwa sababu wao hawajui siku gani hospitali zinakuja kuchukua mzigo kwako.

Halafu huyo kijana aliyekwenda mgodini. Simsemi vibaya, lakini nina hakika karibu yote kwamba alijifungulia njia ya kuingia kwenye seva kutoka nyumbani kwake, ili asikimbilie ofisini kila printa ikigoma. Karibu kila fundi hufanya hivyo. Njia hiyo bado iko wazi, na dunia nzima inaweza kuigonga. Ifungwe, maneno ya siri yote yabadilishwe, na kama rauta zako ni MikroTik, kama zilivyo nusu ya ofisi nilizowahi kuingia, ziangaliwe mara ya mwisho zilisasishwa lini. Mwaka 2018 lilijulikana tundu ambalo mtu wa mbali aliweza kulitumia kusoma majina na maneno ya siri ndani ya rauta hizo. Dawa ilitolewa mwaka huohuo. Mpaka leo nakutana na rauta ambazo hazijainywa.

Na daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mtandao ni mali. Kompyuta ngapi, ziko tawi gani, nani anaingia na jina gani, nakala rudufu ya hesabu za dawa iko kwenye diski ipi, na je, diski hiyo huchomolewa au inakaa imechomekwa siku zote? (Ikikaa imechomekwa, nayo itafungwa pamoja na seva.) Mkandarasi atakayekuja bila kukuomba orodha hii, mshukuru kwa muda wake, umruhusu aende zake.

Mwisho wa hesabu: kodi macho ya usiku Dar es Salaam, na tafuta fundi wa mikono Mwanza, hata wa siku mbili kwa wiki. Kampuni ya Dar haiwezi kuchomoa waya Bunda. Mwambie mumeo amepata nusu, na nusu si haba.

Mama Swichi, heshima yako. Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS ya walimu. Mwaka jana tulikodi kampuni ya usalama wa mtandao. Kila mwezi wanaleta ripoti ya kurasa 60 yenye grafu za rangi, meneja anaiweka kabatini. Nilipouliza kikaoni inasema nini, nikajibiwa kwamba ni mambo ya kitaalamu. Je, nina haki ya kuuliza?
*Mjumbe, Njombe*

Uliza mpaka wachoke, mwalimu. Tena uliza ukiwa umesimama.

Nitakueleza yaliyolipata duka kubwa la Marekani, Target, mwaka 2013. Hawa hawakuwa maskini wala wazembe wa wazi. Miezi michache kabla walikuwa wamenunua mtambo wa kunusa wadukuzi wa dola milioni 1.6, na walikuwa na kikosi Bangalore, India, kinachoangalia mtandao saa zote. Wezi wakaingia kwa kutumia neno la siri la mkandarasi wa majokofu na viyoyozi, mtu wa nje aliyepewa njia ya kuingia kwenye mifumo ya kampuni. Wakatembea mpaka kwenye mashine za kulipia, wakaanza kunyonya namba za kadi, msimu wenyewe ukiwa wa manunuzi ya kuelekea Krismasi. Tarehe 30 Novemba mtambo ukalia. Bangalore wakaona, wakawaarifu wenzao wa makao makuu Minneapolis. Tarehe 2 Desemba ukalia tena. Minneapolis hawakufanya kitu. Kadi milioni 40 zikaondoka, pamoja na taarifa za wateja milioni 70. Mkurugenzi mkuu akaachia ngazi mwezi Mei mwaka uliofuata.

Angalia hapo kilichovunjika. Mtambo ulilia, watu wa zamu walisikia, ujumbe ulifika. Haukupokelewa na mtu aliyejua kwamba kazi yake ni kuinuka. Kabati la meneja wenu ndiyo Minneapolis yenu.

Nami nitubu. Ripoti za namna hiyo nimeziandika kwa mkono wangu miaka kadhaa. Kurasa 58 zinatoka kwenye mashine zenyewe. Mimi nilibadilisha mwezi na jina la mteja. Safari moja nikasahau jina. Mteja wa Dar akapelekewa ripoti yenye jina la mteja wa Morogoro kwenye jalada, akasaini kupokea, akalipa. Hakuna aliyenipigia simu mpaka leo, na leo nimezeeka.

Waambieni wawaletee ukurasa mmoja kwa Kiswahili, juu ya zile sitini. Waandike kengele ngapi mwezi huu zilikuwa za kweli na walifanya nini kwa kila moja. Kisha waandike, na hapa ndipo pa kukaza macho, ni jambo gani walituambia sisi wateja tulifanye na hatujalifanya, na tangu tarehe ngapi. Utashangaa. Nimeona ripoti iliyokuwa na mstari mmoja ukurasa wa 41, "seva ya hesabu haijasasishwa", ukirudiwa miezi kumi na minne. Mkandarasi akawa amejikinga, maana alisema. Mteja akawa hajui, maana hakusoma. Unakumbuka WannaCry, ile programu ya kufunga mafaili ya Mei 12, 2017 iliyosimamisha hadi hospitali za Uingereza? Microsoft walikuwa wametoa dawa ya tundu lile Machi 14. Karibu miezi miwili dawa iko mezani.

Na ukiambiwa tena kwamba ni mambo ya kitaalamu, ongeza hili. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, SACCOS yenu ndiyo mkusanyaji wa taarifa za wanachama. Mkandarasi akizigusa taarifa hizo kwa niaba yenu, ni mchakataji. Mwanachama ambaye mkopo wake umesomwa na mtu asiyehusika atakuja kwenu, wala hatamtafuta mchakataji. Muulizeni meneja kama mmejisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Akiwa kimya, agenda ya kikao kijacho mmeipata.

Salaam aleikum Mama Swichi. Afisi yetu ni ya wakala wa forodha, Mombasa. Mteja alipokea barua pepe iliyotoka kwa anwani ya mhasibu wetu hasa, ikimpa akaunti mpya ya benki, akalipa huko. Kampuni tuliyoipa kandarasi ya usalama yasema barua pepe haimo katika kandarasi. Tena walitwambia baada ya siku sita kuwa walikuwa wameona mtu ameingia. Lawama ni ya nani?
*Mkurugenzi, Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole. Wezi wa aina hii wanaijua kazi yenu: mzigo unakaa bandarini, gharama zinapanda kila siku, mteja ana haraka, akiona akaunti analipa.

Kwanza benki. Kama hamjaenda, iache nusu ya pili ya jibu hili, nenda sasa, kwa maandishi, mteja naye aende benki yake. Pesa huzuilika siku za mwanzo, baadaye ni hadithi.

Ya pili, kuna jambo ambalo wengi hulisahau baada ya kubadilisha neno la siri. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la barua, huweka kanuni ya siri ndani yake: kila barua yenye neno "ankara" au jina la mteja fulani ihamishwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, au itumwe nakala kwake. Neno la siri likibadilishwa, kanuni inabaki inafanya kazi. Fungueni mipangilio ya sanduku la mhasibu, na la kila anayeandika ankara, mzitafute. Kisha wekeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri na juu yake namba inayokuja kwenye simu, kwa wote, bosi akiwemo, maana bosi ndiye hukataa.

Sasa lawama. Huko kwenu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayechakata data kwa niaba yako, akijua kumetokea uvujaji, akuarifu bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Wewe nawe, tangu ulipojua, una saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pale ambapo kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data. Siku sita ni saa 144. Mpelekee wakili hiyo hesabu pamoja na kandarasi, yeye atajua la kufanya nayo, mimi ni fundi wa waya. Lakini kuhusu "barua pepe haimo", nasikitika, huenda wanasema kweli. Kandarasi nyingi hulinda kilichomo ndani ya kuta za afisi, yaani fayawoli, swichi na seva, na barua pepe zenu siku hizi haziko ndani ya kuta hizo. Ziko kwa kampuni kubwa huko mbali, na mlango wake ni popote alipo mhasibu na simu yake. Mkiandika kandarasi mpya, anzeni na barua pepe, ndipo mje kwenye kuta.

Lililobaki halina mkandarasi. Akaunti ya benki ikibadilika, mtu apige simu kwa namba ya zamani iliyo kwenye faili, asikie sauti anayoijua. Waambieni wateja wenu leo, kwa barua ya karatasi, kwamba nyinyi hamtabadilisha akaunti kwa barua pepe kamwe.

Bi Mkubwa, nna hoteli ndogo Jambiani, vyumba 14. Kampuni iliyotufungia mtandao ndiyo inayoulinda. Nikiomba maneno ya siri ya rauta wananambia "kwa usalama wako hatutoi". Sasa nataka kuhamia kampuni nyengine. Nifanye nini?
*Mwenye hoteli, Unguja*

Neno "kwa usalama wako" limekula nyumba za watu. Mlinzi wa getini akikunyima ufunguo wa nyumba yako kwa usalama wako, utamwita nani?

Kuna ukweli kidogo ndani yake, nikiri. Mteja akiwa na neno la siri, huingia, huharibu, kisha husema mkandarasi ameharibu. Ndiyo maana kuna bahasha. Mkandarasi ana jina lake la kuingilia, wewe una lako, na la kwako limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, iko kwenye sefu pamoja na hati za kiwanja. Lakiri ikivunjwa, kila mmoja anajua. Nimelitumia hili kwa wateja wagumu kuliko wewe, na halijanishinda.

Kabla hujawaambia kwamba unaondoka, angalia kimyakimya jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani, na akaunti kuu ya barua pepe za hoteli imefunguliwa kwa anwani ya nani. Vikiwa kwa jina lao, omba vihamishwe kwanza kwa maneno matamu. Rauta si tatizo. Wakigoma kabisa, fundi mwingine ataibonyeza kile kitufe cha nyuma irudi kama ilivyotoka dukani, aipange upya. Ni kazi ya siku moja na zaidi, wageni watakosa intaneti, kwa hiyo ifanye masika, mwezi wa nne au wa tano, vyumba vikiwa vitupu.

Kwa kampuni mpya, ongeza swali ambalo watu huliona kama ufidhuli: na nyie mlango wenu mnaulindaje? Anayekulinda ana funguo zako na za wenzako mia. Ijumaa ya Julai 2, 2021, wadukuzi walipenya kwenye programu ya Kaseya, ambayo makandarasi wa kompyuta huitumia kuhudumia wateja kwa mbali. Kwa njia hiyo moja yakafungwa mafaili ya biashara kati ya 800 na 1,500. Huko Uswidi, Coop ilifunga maduka yake mengi, kati ya karibu 800, kwa kuwa mashine za kulipia zilikataa kufanya kazi, na Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyekuwa akiitumia ni mkandarasi wa mashine hizo. Kwa hiyo waulize: fundi wenu akiacha kazi, funguo zangu anaachaje? Ukijibiwa kwa kicheko, nyanyuka.

Shikamoo Mama Swichi. Mimi ni IT wa peke yangu kwenye kampuni ya usambazaji, Dodoma. Bosi anataka kukodi watu wa nje kwa ajili ya usalama. Naogopa kazi itaota mbawa. Rafiki yangu ananishauri nifiche baadhi ya mipangilio, ili waone hawawezi bila mimi. Unasemaje?
*Kijana, Dodoma*

Marahaba. Huyo rafiki yako anakutafutia polisi. Seva ikianguka na ikagundulika ulificha, hutaitwa fundi tena, utaitwa mtuhumiwa.

Soma barua ya mama wa Mwanza hapo juu. Kampuni yoyote mtakayoikodi itahitaji mtu mmoja anayepokea simu usiku na mwenye ruhusa ya kuzima. Nenda kwa bosi kabla ya mkataba, mwambie unaitaka nafasi hiyo, jina lako na namba yako ziandikwe humo. Peleka na daftari la kila kompyuta na kila rauta, limejaa. Maneno ya siri usiyaweke kwenye daftari hilo, yaende kwenye bahasha.

Halafu dai chako. Kwa sheria ya ajira, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Bosi akikwambia simu ya saa tisa usiku si kazi, niandikie tena, nitalijibu la kwako la kwanza.